MCHEZAJI NA NCHI YA KULEA: SOMO KUTOKA KWA DIPAK PATEL

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii tunaiandika kwenye insha mara kwa mara bila kuifikiria sana. Leo, mpenzi msomaji, nataka tuitumie kama mizani. Tupime nayo neno moja linalosikika sana hapa Kisii na Nyamira kila mbio za dunia zinapoonyeshwa kwenye runinga. Neno lenyewe ni "msaliti". Mkimbiaji mzaliwa wa Kenya akionekana amevaa rangi za nchi nyingine, mtu husema, "Huyo ametuuza," na mazungumzo yanakwisha. Je, ni kweli kila mara?

Mfano wangu mkubwa unatoka kwenye kriketi, mchezo usiochezwa sana huku kwetu. Nimeuchagua kwa makusudi. Kesi ya jirani huamuliwa kwa moyo, lakini kesi ya mgeni huamuliwa kwa akili.

Kriketi kwa ufupi

Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji kumi na mmoja. Mpigaji hulinda vijiti vitatu viitwavyo wiketi kwa gongo lake, naye mrushaji hujaribu kuviangusha kwa mpira. Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na hapo hupata mkimbio mmoja au zaidi. Mpira ukigonga vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji anatoka. Mirusho sita ni ova moja. Kwa kuanzia, hayo yanatosha.

Safari ya Patel

Dipak Patel alizaliwa Nairobi tarehe 25 Oktoba 1958, Kenya ikiwa bado koloni. Baada ya uhuru, Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza waliondoka nchini, hasa miaka ya 1967 na 1968, sheria mpya zilipowabana wasio raia katika kazi na biashara. Familia ya Patel nayo ilihamia Uingereza Dipak akiwa bado mtoto. Tuzingatie jambo hili: mtoto hachagui safari. Hubebwa tu pamoja na mizigo.

Huko Uingereza ndiko alikokuzwa kimchezo. Mwaka 1976, akiwa na miaka 17, alianza kuchezea timu ya jimbo la Worcestershire, akaichezea hadi 1986. Alijua kupiga na alijua kurusha. Hata hivyo, timu ya taifa ya Uingereza haikumwita. Fikiria miaka kumi ya kungoja jina lako lisomwe, na halisomwi! Basi akaelekea New Zealand, akacheza Auckland, na Februari 1987 akaanza kuiwakilisha nchi hiyo katika mechi ya Test dhidi ya West Indies. Kwa hivyo, Kenya ilimzaa, Uingereza ikamlea, na New Zealand ikamwamini.

Kombe la Dunia la 1992

Nchi iliyomwamini haikujuta. Kombe la Dunia la 1992 lilichezewa Australia na New Zealand. Desturi ya siku hizo ilikuwa kwamba mpira mpya hupewa warushaji wa kasi. Patel hakuwa wa kasi. Mrusho wake ulikuwa wa polepole, mpira unazunguka na kubadilisha njia ukishagusa chini. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Australia mjini Auckland, nahodha Martin Crowe alishangaza ulimwengu: alimpa Patel mpira mpya.

Ujanja wenyewe ulikuwa nini? Ova za mwanzo, kanuni haziruhusu walinzi wengi kusimama mbali, kwa hivyo wapigaji hutaka kupiga kwa fujo. Mpira wa kasi huwasaidia, kwa sababu ukiguswa kidogo tu unaruka wenyewe. Mpira wa polepole hauna msaada huo. Mpigaji lazima atumie nguvu zake mwenyewe, na akiharakisha anakosea. New Zealand iliishinda Australia kwa mikimbio 37, ikashinda mechi saba mfululizo, ikafika nusu fainali, ambako Pakistan iliitoa. Patel alipata wiketi 8 na kutoa mikimbio mitatu na kidogo tu kwa kila ova. Hiyo si mchezo!

Januari ya mwaka uo huo, mjini Christchurch, alikuwa amefikisha mikimbio 99 katika mechi ya Test. Mmoja tu atimize mia! Akatoka mbio kuutafuta, wakamwahi, akatolewa. Na wapinzani walikuwa nani? Uingereza, nchi iliyomlea. Hivyo ndivyo mchezo ulivyo. Hakumwonea haya mlezi wake, na mlezi hakumhurumia.

Alipoacha Test mwaka 1997 alikuwa amecheza mechi 37, akapata mikimbio 1,200 na wiketi 75.

Tupime sasa

Tukitumia methali yetu, tuulize maswali matatu kabla ya kusema "msaliti". Aliondoka kwa hiari? Nani alimlea? Nani alimpa nafasi? Patel aliondoka mtoto, akalelewa kwingine, akapewa nafasi kwingine tena. Kumwita msaliti wa Kenya ni kumwonea bure.

Chukua sasa Stephen Cherono. Huyu alizaliwa na kulelewa kimbio hapa Kenya. Mwaka 2003 alihamia Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo mjini Paris akashinda dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji, mbele ya Ezekiel Kemboi wa Kenya. Hapa aliyelea ni sisi, na uchungu wetu una sababu. Lakini tusisahau upande wa pili: katika Olimpiki, nchi huruhusiwa wakimbiaji watatu tu kwa kila mbio. Kenya ina wengi, na wa nne hubaki nyumbani hata kama angewashinda mabingwa wa nchi nyingine. Mwenye njaa akiondoka, tumwulize pia aliyepakua chakula.

Kuna njia ya tatu pia. Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, alihamia Marekani mwaka 2022 kufanya mazoezi. Lakini katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alivaa rangi za Kenya, akapata shaba ya marathoni. Kumbe kuhama kwa mwili na kuhama kwa bendera ni vitu viwili tofauti!

Sisi watu wa Gusii tunajivunia Naftali Temu wa Nyamira, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Fahari hiyo ni halali. Lakini hata babu zetu, kama tunavyofundishwa katika Historia, walipitia Kano na Kabianga kabla ya kufika katika vilima hivi. Watu waliohama wasiwe wepesi kuwahukumu wanaohama.

Maoni yangu ni haya: tukitaka watoto wetu wasichukuliwe, tusianze kwa kuwatusi wanapoondoka. Tuanze kwa kuwalea na kuwapa nafasi wakiwa hapa, kwenye viwanja hivi hivi vyetu vyenye matope.

Maswali ya kujadili chamani

1. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Je, methali hii ina mipaka?
2. Kati ya Patel na Cherono, ni nani aliye na deni kwa Kenya? Toa sababu.
3. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya anaweza kuwa raia wa nchi mbili. Je, moyo nao unaweza?

Kwa hayo machache natia nanga.