Rezo Imekukataa? Tafuta Anwani ya MAC

Uko kituo cha afya Masisi. Antena ya setilaiti iko juu ya bati, wenzako wanatuma ripoti zao, ila simu yako imegoma kuingia wai-fai. Unampigia fundi aliye Goma, naye anakuambia: nitumie adresi MAC. Hiyo ndiyo namba ambayo modemu hutambulia kifaa chako. Wengi hutuma isiyo yenyewe, na siku nzima inapotea.

1. Ijue sura yake. Ina alama 12 katika jozi sita, mfano D2:0B:7E:19:A4:6F. Ukibonyeza *#06# utapata IMEI, yenye tarakimu 15. Siyo hiyo.

2. Kwenye simu, usikimbilie «À propos du téléphone». Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujibunia anwani tofauti kwa kila rezo ili mwenye simu asifuatiliwe. Kwa hiyo namba ya kiwandani unaweza kuisoma bila kosa hata moja, na bado modemu haijawahi kuiona! Fungua «Paramètres», kisha «Wi-Fi», gusa jina la rezo yenyewe, usome anwani iliyoandikwa hapo. Iangalie alama ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, kama kwenye mfano wangu, basi ni ya kubuniwa. Kama ofisi inaruhusu simu zilizoorodheshwa tu, chagua «Utiliser l'adresse MAC de l'appareil» kwa rezo hiyo peke yake. Kwingine iache simu ijifiche. Ulinzi huo ni haki yako.

3. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, utafute «Adresse physique» chini ya «Carte réseau sans fil». Ya Bluetooth na ya Ethernet ziruke. Vistari badala ya nukta pacha havibadilishi kitu.

4. Ukiisoma kwa sauti, taja miji na maeneo yetu. Laini ikikatika-katika, B na D husikika sawa. Sema A ya Aru, B ya Beni, C ya Congo, D ya Djugu, E ya Équateur, F ya Fizi. Herufi haziendi mbali zaidi ya F, kwa hiyo kile kiduara ni sifuri daima, si O. Penye mega za kutosha, tuma picha ya skrini.

5. Mtumie fundi peke yake, si kundi zima la WhatsApp. Orodha ya rezo nyingi hukagua namba hii tu, na mwenye kuinakili anaweza kuivisha simu yake.

6. Ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, anwani ya kubuniwa hubadilika. Mjulishe fundi siku hiyo hiyo, kabla ripoti ya wiki haijakwama tena.