SOMO LA STADI: KUCHAGUA BAMBA NA JIGI ZA KUTENGENEZEA VISU KABLA YA KUSAINI MKOPO

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mvivu anayeahirisha kazi kwa kisingizio cha zana. Hata hivyo, kikundi kinachokopa fedha za umma ili kununua mashine kina wajibu wa kuchagua, tena kwa makini, kwa sababu zana isiyofaa hulipiwa deni lile lile linalolipiwa zana inayofaa.

Somo hili limetokana na ziara ya Kitengo cha Mawasiliano katika karakana moja ya vijana wanaotengeneza visu vya jikoni kwa springi za magari chakavu. Mashine yao ya mkanda wa msasa ilikuwa imara na mota yake haikuwa na kasoro. Lakini juu ya meza kulikuwa na visu vilivyorudishwa na muuza samaki. Makali ya kila kimoja yalikuwa yameegemea upande mmoja, hivyo kisu kilipokata minofu kilikwenda upogo. Vijana walidhani mota haina nguvu, na walikuwa wameanza kuulizia mashine kubwa zaidi. Fundi mzoefu tuliyefuatana naye aliweka rula ya chuma juu ya bamba lililo nyuma ya mkanda, akaikabili na mwanga wa dirisha. Mwanga ulipenya katikati: bamba lilikuwa limelika na kuwa na bonde. Tatizo halikuwa mota.

Vitu viwili vinavyoamua unyofu wa kisu

Katika mashine ya mkanda, msasa ndio unaokula chuma, lakini umbo la kisu huamuliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bamba, yaani kipande kigumu cha chuma kinachokaa nyuma ya mkanda na kuuzuia usibonyee. Cha pili ni jigi, yaani kifaa kinachoshikilia kisu katika pembe moja tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Bamba likiwa na bonde, kisu nacho hupata nundu. Jigi ikilegea, pande mbili za kisu hazifanani.

Anza na mteja

Kabla ya kuulizia bei, kikundi kijiulize kitamuuzia nani. Kisu cha jikoni na kisu cha bucha huhitaji mteremko bapa unaotoka juu ya ubapa hadi kwenye makali. Kazi hiyo hudai bamba bapa na jigi. Panga hutaka makali manene yenye tumbo dogo ili yasimeguke yanapopiga mti. Hayo hupatikana katika sehemu ya mkanda isiyo na bamba, kwa mkono uliozoea. Visu vyenye mteremko uliochimbika kidogo, kama baadhi ya visu vya kuchunia ngozi, husagwa juu ya gurudumu. Kikundi cha mapanga kinachonunua jigi ya bei kubwa kimenunua pambo. Kikundi cha visu vya jikoni kinachopuuza jigi kimejinunulia malalamiko.

Kuchagua bamba

Bamba jema huwa na unene wa milimita 10 au zaidi, ili lisipinde likikandamizwa. Likiwa la chuma laini litalika katikati baada ya muda, kwa hiyo chuma kilichokaushwa kwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu ni bora zaidi. Baadhi ya mafundi hubandika juu yake kioo maalumu kinachostahimili joto, nacho hudumu sana. Kioo cha kawaida cha dirisha kisitumike, kwani hupasuka kikipata joto.

Mambo manne yakaguliwe papo hapo dukani. Weka rula ya chuma kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari; mwanga usipenye. Pima kwa guni, ambayo wengi huiita skwea, pembe kati ya bamba na kitako cha kuwekea kazi. Iwe nyuzi 90 kamili. Pitisha kidole kwenye kingo za juu na chini. Ziwe za mviringo, la sivyo zitachana mikanda. Mwisho, hakikisha bamba limefungwa kwa bolti. Bamba lililochomelewa likilika, mashine nzima itahitaji fundi wa kuchomelea.

Kuchagua au kutengeneza jigi

Jigi si lazima inunuliwe. Iliyo rahisi kuliko zote hutengenezwa kwa kitako cha chuma kinachoteleza juu ya kitako cha mashine, kikiwa na ukuta uliosimama wima. Kwenye ukuta huo hufungwa, kwa bawaba iliyo chini, kipande bapa cha chuma kinachobeba kisu, makali yakiangalia juu. Milimita 100 juu ya bawaba hupitishwa bolti kutoka nyuma ya ukuta. Bolti ikizungushwa, husukuma sehemu ya juu ya kipande hicho kuelekea msasa, nacho kisu huinama.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua chuma chenye unene wa milimita 3. Kabla ya kukitia moto wa kukikausha, acha nusu milimita kwenye makali ili yasipinde wala kupasuka. Zinabaki milimita 2.5 za kuondolewa, yaani 1.25 kila upande. Ukitaka mteremko wenye upana wa milimita 25, uwiano ni 1.25 kwa 25, yaani 1 kwa 20. Kwa umbali wa milimita 100, mwinamo ni milimita 5. Bolti ya kawaida ya milimita 6 husogea milimita 1 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko mitano inatosha. Pembe hiyo haifiki nyuzi 3, na ndiyo maana jicho peke yake haliwezi kuishika. Kabla ya kuanza kuhesabu mizunguko, hakikisha kipande kinachobeba kisu kiko sambamba na bamba.

Kwanza chora mstari wa katikati kwenye ukingo wa chuma. Tafuta keekee yenye kipenyo sawa na unene wa chuma, vilaze vyote viwili juu ya meza iliyo bapa, kisha tumia ncha ya keekee kukwaruza ukingo. Ncha hiyo huangukia katikati. Saga upande wa kwanza, geuza kisu, usiguse bolti. Pande mbili zikikutana kwenye mstari, makali yamekaa mahali pake.

Jigi ina mpaka wake. Haiwezi kufuata mkunjo wa ncha ya kisu. Hapo fundi hulazimika kuinua mpini kidogo kwa mkono. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba jigi huondoa haja ya kujifunza.

Joto na usalama

Kisu kikishakaushwa kwa moto, adui yake ni joto la msasa. Chovya majini kila mara, na tumia mkanda mpya wenye kasi ndogo. Rangi ya buluu ikitokea kwenye makali, ugumu umepotea hapo na kunoa tu hakuurudishi.

Vaa miwani na barakoa. Vumbi la mbao za mipini, hasa mpingo, hudhuru mapafu na ngozi, na cheche za chuma huweza kuliwasha; kazi hizo mbili zitenganishwe. Glavu pana na mikono mirefu ya nguo visikaribie mkanda unaozunguka. Pengo kati ya kitako na mkanda lisizidi milimita 3, ili kisu kisinaswe pamoja na kidole. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inasimamiwa na OSHA, na karakana ndogo haziko nje ya wajibu huo.

Kabla ya kusaini

Kwa mujibu wa sheria, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba haipo, lakini deni lipo, na marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mtaji wa kikundi kinachosubiri zamu.

Kwa hiyo msilipie mashine ambayo hamjaijaribu. Nendeni dukani na vipande vitatu vya springi chakavu. Sageni vyote kwa mpangilio mmoja wa bolti, kisha pimeni unene wa makali kwa kalipa katika sehemu tatu za kila kipande. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.2, mwambieni muuzaji arekebishe bamba au kitako kwanza. Asipokubali, ondokeni.

Vijana tuliowatembelea hawakununua mashine mpya. Walibadilisha bamba na kujitengenezea jigi, na fedha waliyokusudia kuikopa haikukopwa.

Vikundi vinavyohitaji mwongozo wa maombi ya mikopo vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kwa ushauri wa zana na mafunzo ya ufundi, ofisi za SIDO na vyuo vya VETA vipo kwa ajili hiyo. Fikeni na kisu mlichokitengeneza mkononi. Kitaeleza shida yenu kuliko maneno.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini.