STI Yako Inauzwa? Anza na Faili, Si na Ekzosti

Labda mtoto wa pili yuko njiani. Labda ploti ya Kitengela inadai malipo. Vyovyote vile, ile Impreza WRX STI uliyoihangaikia miaka nenda miaka rudi sasa inatafuta mwenyewe mwingine. Usikimbilie kupiga picha. Kuna kazi ya kufanya kabla ya tangazo, na hiyo ndiyo itakayoamua kama utalipwa vizuri au utasumbuliwa na mabroka hadi uchoke.

Kwanza kubali jambo moja: pesa ulizomwaga kwenye mabadiliko hazirudi. Rimu, turbo kubwa, viti vya mashindano, vyote ulinunua kwa raha yako, na raha umeshaipata. Mnunuzi analipia gari, kisha analipia uhakika. Usijumlishe risiti zako ukaiita jumla hiyo bei.

Hata hivyo, usijidharau. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. STI ya mwisho ya kizazi cha GDB ilitoka kiwandani mwaka 2007, kwa hivyo GDB nyingine haitashuka melini Mombasa. Nayo injini yake ya EJ20 ilipewa mkono wa buriani huko Japani kwa toleo la magari 555 tu, lililotangazwa mwaka 2019. Zilizoko nchini ndizo hizo. Mtu akianza kukuambia habari za "gari kuukuu", mkumbushe hayo kwa upole.

Ukitafuta bei, soma matangazo lakini usiyaamini sana. Hizo ni bei za kuomba. Zungumza na watu waliouza STI karibuni, uwaulize walipokea ngapi mkononi. Kisha panga bei ya kutangaza na bei ambayo hutashuka chini yake. Hii ya pili ibaki kichwani mwako.

Sasa faili. Nunua faili la kawaida la plastiki, uweke kila kitu humo: logibuku, risiti za spea, rekodi za servisi, karatasi ya mnada kutoka Japani kama bado unayo. Karatasi hiyo ina thamani kuliko spoila yoyote, kwa sababu inaonyesha kilomita gari lilipoondoka Japani na kama liliwahi kugongwa. Kama gredi yake ni R au RA, liliwahi kutengenezwa baada ya ajali. Sema mapema. Mnunuzi akigundua mwenyewe, mazungumzo yamekwisha.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama hiyo ni STI kweli au ni WRX iliyobandikwa nembo ya waridi. Lijibu kabla halijaulizwa. Kwa magari ya sedani yaliyouzwa Japani kati ya 2000 na 2007, chasisi ya STI huanza na GDB, ya WRX huanza na GDA. Piga picha ya bamba la chasisi na uiweke kwenye faili.

Kisha fungua boneti ulinganishe namba ya injini na ile ya logibuku. Ikiwa ulibadilisha injini na hukuwahi kurekebisha rekodi NTSA, shughulikia hilo sasa. Vilevile rangi. Gari lenye injini isiyolingana na karatasi halina bei, lina matatizo tu.

Tuje kwenye mabadiliko yenyewe, maana hapa ndipo wengi huharibu biashara. Kanuni ni rahisi: kadiri gari linavyokaribia hali ya kiwandani, ndivyo wanunuzi wanavyoongezeka. Kama bado una vipuri vya awali, virudishe vile vinavyofungwa kwa spana na kufunguliwa bila kukata kitu. Ekzosti ya awali, usukani wa awali, taa za awali. Ulivyotoa, uza kando. Mara nyingi vitakupa zaidi vikiwa peke yake kuliko vikiwa ndani ya gari.

Anza na ile vali inayopiga "pshhh" unapobadilisha gia. Najua unaipenda. Lakini kompyuta ya injini imeshapima ile hewa unayoimwaga nje, kwa hivyo inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo, na injini inapata mchanganyiko mzito kila unapoachia mafuta. Mnunuzi anayejua Subaru akiisikia tu atajiuliza umefanya nini kingine. Rudisha ile ya kiwandani.

Kuna vitu usivyopaswa kugusa bila fundi wa tuni. Turbo, injekta, pampu ya petroli na mfumo wa kuvuta hewa vyote vimefungamana na tuni iliyomo kwenye kompyuta. Ukitoa injekta kubwa ukaacha tuni yake, utaua injini wiki moja kabla ya kuiuza. Ama urudishe vyote na uandikishe tuni upya, ama uviache vyote na umpe mnunuzi karatasi ya dyno pamoja na jina la gereji iliyofanya kazi. Bila karatasi ya dyno, usitaje nguvu za farasi. Kila mtu Nairobi ana farasi 400 mdomoni.

Rimu za ziada zina soko lake, ila andika vipimo. STI za zamani hutumia nati tano kwenye duara la milimita 100, na kuanzia modeli ya 2005 ni 114.3. Haziingiliani, na hutaki mtu atoke Nakuru kuja kugombana nawe.

Kabla ya tangazo, fanya kipimo cha kompresheni kwa silinda zote nne, na matokeo yaandikwe kwenye karatasi yenye tarehe. Onyesha pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, na mnunuzi makini lazima aulize. Kama injini inagongagonga kwa chini, usijifanye husikii. Tengeneza, au shusha bei na ueleze kwa nini.

Picha zipigwe asubuhi, gari likiwa safi, mahali patulivu. Piga na kasoro pia: mkwaruzo wa bampa, kiti kilichochanika. Tangazo liandikwe kwa lugha ya kawaida. Orodhesha vilivyobadilishwa, vilivyorudishwa, na vinavyohitaji kazi. Maneno kama "mnyama" yaachie vijana wa TikTok.

Mtu akija, injini iwe baridi. Usiiwashe mapema. Anayejua atagusa boneti kwanza, na akiikuta moto atadhani unaficha mwasho mbaya wa asubuhi. Mkutane kwenye maegesho ya benki au mahali pengine penye watu na walinzi. Piga picha ya leseni na kitambulisho chake. Hakikisha bima yako inamruhusu mtu mwingine kuendesha. Anza kuendesha wewe, injini ipate joto, kisha mpishe. Wewe keti kando, na kabla hamjabadilishana viti mwambie wazi kwamba Thika Road si uwanja wa Safari Rally.

Anayetaka fundi wake akague, mruhusu, kwa gharama yake na wewe ukiwepo. Anayekataa ukaguzi lakini anataka kupunguziwa laki tatu ni broka.

Pesa zipitie benki. M-Pesa inabeba Sh 250,000 kwa muamala mmoja, inafaa kwa amana tu. Hundi ya zaidi ya Sh milioni 1 haipiti kwenye mfumo wa kubadilishana hundi kati ya benki, kwa hivyo mtu akikuletea hundi kama hiyo ya benki nyingine, rudisha funguo mfukoni. Omba RTGS. Usiamini ujumbe wa simu wala picha ya risiti. Thibitisha na benki yako kwamba pesa zimeingia, ndipo utoe logibuku.

Andikeni mkataba wa mauzo wenye namba ya chasisi, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana, na orodha ya vipuri vinavyoandamana na gari. Saa ni muhimu, kwa sababu kosa lolote la barabarani kabla ya jina kubadilika litakutafuta wewe.

Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kupitia akaunti yake ya NTSA, na mnunuzi anakubali kwenye yake. Fanyeni mkiwa mmeketi pamoja. "Nitabadilisha mwezi ujao" ni jibu ambalo hulipokei. Jina likishahama, pigia kampuni ya bima usimamishe sera yako na uulize kama kuna salio la kurudishiwa. Halafu angalia chini ya kiti cha nyuma. Kuna soketi yako moja ya milimita 10 huko.