Kufuta DVD na Kuirekodia Upya Bila Picha Kukwama

DVD iliyorekodiwa upya ikikwamakwama, lawama huangukia deki. Mara nyingi chanzo ni jinsi diski ilivyofutwa na kuandikwa.

Anza kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya diski. DVD-R na DVD+R huandikwa mara moja tu. Zinazofutika ni DVD-RW na DVD+RW. Ndani yake mna tabaka jembamba la mchanganyiko wa metali. Leza huliyeyusha, nalo likipoa ghafla huacha alama zilizofifia. Kufuta ni kulipasha joto la chini zaidi hadi alama zitoweke. Kazi hiyo hukadiriwa kurudiwa mara 1,000 hivi, iwapo diski imetunzwa.

Tatizo ni kwamba tabaka hilo huakisi mwanga kidogo kuliko DVD ya kiwandani. Deki, hasa ya zamani, huisoma kwa shida, hivyo dosari ndogo ambayo kompyuta ingeivumilia hugandisha picha. Fuata hatua hizi:

1. Hamisha kwanza video unayoihitaji. Diski ikifutwa yote, video hiyo hairudishiki.

2. Futa vumbi na alama za vidole kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono: mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu data nyingi mfululizo, na deki hushindwa kuifidia.

3. Kwa DVD-RW, chagua kufuta kote, si kufuta kwa haraka. Kufuta kwa haraka huondoa orodha ya yaliyomo tu, picha zenyewe zikabaki. Ni hatari ukimpa mtu mwingine diski hiyo. Kwa kasi ya 2x, kufuta kote huchukua karibu nusu saa. DVD+RW huandikwa juu ya data ya zamani moja kwa moja, ila ikianza kusumbua, ifomati yote.

4. Tumia programu ya kutengeneza DVD ya video, inayounda folda ya VIDEO_TS. Deki nyingi za zamani hazichezi faili la MP4 lililonakiliwa tu. Kwa Afrika Mashariki, chagua mfumo wa PAL.

5. Andika kwa kasi ya chini inayoruhusiwa na diski, na usiijaze hadi GB 4.7 zote, kwani ukingo wa nje ndio wenye makosa mengi.

6. Ifunge diski (finalaizi), kisha ruhusu programu ihakiki kilichoandikwa.

7. Ijaribu kwenye deki itakayotumika: mwanzo, katikati na mwisho.

Ikikwama tena baada ya kufutwa kote na kuandikwa polepole, iache, usiipe kazi nyingine. Na video ya harusi, mahafali au mazishi isikae kwenye diski ya kufutika peke yake: weka nakala kwenye diski kuu ya nje au kwenye DVD-R, maana kinachofutika kwa makusudi hufutika pia kwa bahati mbaya.