Majirani Wasioonekana wa Okidi

Katika likizo ya mwaka jana wachoma mkaa waliangusha mgunga mkubwa karibu na kijiji chetu hapa Uganda. Katika panda ya mti huo ulikaa mmea niliouona tangu utoto wangu, wenye maua ya manjano yaliyojaa madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui. Ni aina ya okidi, na wataalamu huiita Ansellia africana kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani aliyefika Afrika ya Magharibi mwaka 1841. Niliuonea huruma, nikaubandua kwa panga na kuugawa mapande mawili.

Pande la kwanza nililitunza kama mgeni wa heshima. Niliosha mizizi yake mpaka ikatakata, nikalipanda katika debe la udongo mweusi wenye samadi, na kulimwagilia maji asubuhi na jioni. Pande la pili nililifunga kwa ukambaa juu ya mwembe pamoja na magome na majani yake makuukuu, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Baada ya majuma matano lile la debe lilioza na kunuka. Lile la mwembe lilikuwa likitoa mizizi mipya.

Labda msomaji atadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba okidi hunyonya utomvu wa mti unaoubeba. Sivyo. Mti kwake ni kiti tu. Chakula chake hutoka katika hewa, mvua na takataka zinazonaswa na mizizi. Mizizi ya okidi hii ni ya namna mbili: mingine hushika gome, na mingine husimama juu kama sindano, ikafanya kitu kama tundu la ndege. Majani makavu huanguka humo na kuoza.

Ukitazama mzizi mmoja utaona umevikwa ganda jeupe laini kama sifongo. Ganda hilo ni chembe zilizokufa. Maji ya kwanza ya mvua, ambayo huosha vumbi na uchafu wa matawi na kwa hiyo yana chumvi nyingi za kulisha mimea, hunyonywa hapo mara moja. Mzizi ukilowa hugeuka kijani, maana ule ukijani wa ndani huonekana.

Ndani ya sifongo hiyo na juu yake wanaishi bakteria. Ni wadogo mno: ukiwapanga elfu moja katika mstari mmoja, wengi wao hawatapita urefu wa milimita chache. Wengine huozesha majani yaliyonaswa, na chumvi zake zikapatikana kwa mmea. Wengine wa rangi ya kijani na buluu huweza kuchukua naitrojini ya hewa na kuigeuza chakula. Tena wako wanaotengeneza oksini, yaani dawa ile ile ambayo mmea wenyewe huitumia kuamuru mizizi ikue. Wataalamu wa Moscow walitangaza mwaka 2007 kwamba walitia bakteria wa namna mbili, waliotoka katika mizizi ya okidi, kwenye mbegu za okidi ya Asia iitwayo Dendrobium moschatum, na mbegu hizo zikaota vizuri zaidi.

Jambo la mbegu si dogo. Charles Darwin alihesabu mbegu 6,200 katika tumba moja la okidi ya Uingereza, na 186,300 katika mmea mzima. Alisema kwamba kama zote zingeota, vitukuu wa mmea mmoja wangekaribia kufunika nchi kavu yote ya dunia. Kwa nini hawaifuniki? Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula kama punje ya mahindi. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard alionyesha kwamba mbegu hizo huota zikiingiwa na kuvu fulani. Kuvu hiyo hujikunja ndani ya chembe za mche, na mche huimeng'enya na kushiba. Basi mbegu isiyoangukia penye kuvu yake hufa, hata kama mvua ni nzuri. Kuvu ndiyo mlezi mkubwa; bakteria ni wasaidizi.

Lakini si bakteria wote walio rafiki. Katika debe langu maji yalijaza nafasi zote za hewa, mizizi ikakosa pumzi, na wale wa kuozesha wakauvamia mmea ulio hai. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuwaosha wengi wa majirani wa zamani. Mwalimu wetu aliniambia kwamba hilo halikuwa jaribio halali, kwa kuwa nilibadili udongo, maji na uoshaji kwa pamoja. Ilinipasa kubadili kitu kimoja tu. Anasema kweli, lakini sikuwa na okidi ya tatu, na mgunga ule ulikwisha kuwa mkaa.

Pande la mwembe sasa lina machipukizi mawili. Halijatoa maua. Dada yangu hutaka kufagia majani yaliyooza katika mizizi yake, akisema ni uchafu, nami kila likizo humzuia.