Somo la 27: Kanuni za kalasi yetu

Watoto, nani aliweka kanuni za kalasi yenu? Someni habari hii, kisha mfikiri.

1. Katika kalasi moja ya mwaka wa tano, karibu na mto Lualaba, mwalimu aliandika kanuni kumi, akazibandika ukutani. Lakini watoto walichelewa, waligombana, waliibiana kalamu. Kanuni zilikaa ukutani, wala hakuna aliyezitazama. Siku moja mwalimu akazibandua, akasema: «Hizi zilikuwa zangu mimi. Leo tutafanya zetu sisi wote. Haya, semeni.»

2. Mvulana mmoja akasimama upesi: «Mwalimu, anayechelewa apigwe fimbo tano!» Wenzake wakapiga makofi. Mwingine akasema: «Afungiwe mlango, arudi kwao!» Makofi tena. Mwalimu aliandika yote ubaoni, hakusema neno.

Kisha akauliza: «Nani kati yenu huchelewa mara nyingi?» Kimya. Macho yote yakamgeukia msichana mmoja aliyekaa nyuma. Kwao ni ng'ambo ya mto. Akajibu kwa sauti ndogo: «Mwalimu, mtumbwi si wetu. Mwenyewe akikawia, nami ninakawia. Mkinifungia mlango, nitaacha masomo.»

Mvulana yule wa kwanza akainamisha kichwa. Kumbe, alikuwa hajui.

3. Mwalimu akasema: «Sikilizeni habari ya kweli. Katika mji wa Warszawa, nchi ya Poland, alikuwako daktari mmoja, jina lake Janusz Korczak. Mwaka 1912 alifungua nyumba ya mayatima wa Kiyahudi. Naye mwenyewe alikuwa Myahudi. Katika nyumba ile watoto walikuwa na baraza lao la kuamua mashauri. Aliyekosewa aliandika shauri lake ubaoni. Waamuzi watano walichaguliwa kwa kura, kati ya watoto ambao hawakushitakiwa juma lile.

«Sheria zao zilianza kwa huruma: vifungu 99 vya kwanza vilikuwa vya kusamehe ao kuacha shauri. Kifungu cha 1000 tu ndicho kilichomfukuza mtoto. Na Korczak? Katika miezi sita alijishitaki mwenyewe mara tano mbele ya watoto. Mara moja ni kwa sababu alimpiga mtoto kofi. Mara nyingine, kwa sababu alimshuku msichana kuwa ni mwizi.

«Mwezi wa Agosti 1942, Wanazi wa Ujerumani waliwachukua watoto wale, karibu 200, kwenda kuwaua huko Treblinka. Rafiki zake walitaka kumwokoa yeye peke yake. Akakataa, akafa pamoja na watoto. Aliyekubali kuamuliwa nao hakukubali kuwaacha.»

4. Kalasi ilikuwa kimya. Kisha mvulana yule akaomba ruhusa, akaenda ubaoni, akafuta fimbo zake tano. Wakashauriana mpaka kengele. Wakaandika hivi:

I. Anayechelewa aingie polepole, aeleze sababu, na jirani amwonyeshe somo lililopita. Asiye na sababu afagie kalasi jioni.
II. Anayesema asikilizwe mpaka amalize.
III. Kitu cha mwenzako, omba kwanza.
IV. Kabla ya kumhukumu mtu, muulize.
V. Kanuni hizi ni za wote, na mwalimu pia.

Kila mmoja akaandika jina lake chini. Mwalimu akaandika lake.

5. Juma lililofuata kengele ililia, mwalimu hayuko. Alipofika, watoto walitazamana. Nani atathubutu? Mvulana yule akasimama, magoti yakitetemeka: «Mwalimu, kanuni ya kwanza.»

Mwalimu akanyamaza kidogo, akajibu: «Ni kweli. Sababu sina. Nilisimama njiani kuzungumza.» Jioni akatwaa ufagio, akafagia kalasi toka mlangoni mpaka ukutani. Yule msichana wa ng'ambo alimshikia ndoo ya takataka.

Tangu siku ile hakuna aliyesema: «Kanuni ni karatasi tu.»

Kumbukeni. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kanuni inayowakata wadogo tu, wadogo huikimbia. Tena, kumsikiliza mtoto si zawadi tu. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali Mkataba wa Haki za Mtoto, na kifungu cha 12 chasema mtoto ana haki ya kutoa mawazo yake katika mambo yanayomhusu. Nchi yetu, iliyoitwa Zaïre siku zile, iliuthibitisha mwaka 1990.

Maulizo

1. Kwa nini kanuni kumi za kwanza hazikufuatwa?
2. Msichana alichelewa kwa sababu gani? Kanuni ya mlango ingemfanyia nini?
3. Korczak alijishitaki mara ngapi? Je, watoto walimheshimu zaidi ao kidogo? Elezeni.
4. Kama mwalimu angekataa kufagia, kalasi ingekuwaje?

Kazi. Andikeni kanuni tano za kalasi yenu. Mbele ya kila kanuni mjiulize: nani ataumizwa nayo bila kosa? Mwende mkamwulize.