Kikaango cha mama kimechubuka: Utamnunulia kipi?



Ndugu msomaji, wengi wetu tunapokwenda kuwasalimia wazazi hatufiki jikoni. Tunakaa barazani, tunaletewa chai na yai la kukaanga, tunakula, tunaaga. Ijumaa ijayo ingia jikoni ukakitazame kile kikaango kilichokaanga yai lako. Ikiwa ni kile cha nonstiki ulichomletea mama miaka kadhaa iliyopita, huenda utando wake mweusi umechubuka katikati mpaka alumini inaonekana, na kitako kimebinuka hata ukikiweka mezani kinayumba. Utaona na jambo jingine: dumu la mafuta limesogezwa karibu sana na jiko.

Hapo ndipo penye tatizo. Mzee mwenye presha au kisukari ameambiwa na daktari apunguze mafuta. Kikaango kisichoshika chakula kilikuwa kinamsaidia kutekeleza agizo hilo, maana yai linaiva kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Utando ukishakwisha, yai linaganda, naye anaongeza mafuta ili lisigande. Hakukusudia kumpuuza daktari. Chombo ndicho kilichomrudisha alikotoka.

Basi kumnunulia kingine si anasa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kupeana zawadi, na katika Surat Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kutoa kitu kibovu ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Ni kweli aya hiyo inazungumzia kutoa kwa ajili ya Allah, lakini nani atasema zawadi ya mzazi iwe duni kuliko sadaka? Pamoja na hayo, kikaango kizuri kwako kinaweza kisimfae yeye, na kosa tunalolifanya wengi ni kukimbilia dukani kabla ya kuliangalia jiko.

Utando wa nonstiki wa kawaida ni aina ya plastiki iitwayo PTFE. Iligunduliwa kwa bahati tu huko Marekani mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett, ikaja kuuzwa kwa jina la Teflon. Miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire akapata njia ya kuishikiza kwenye alumini, na inaelezwa kuwa mkewe ndiye aliyemsukuma aitumie kwenye vyombo vya jikoni. Utando huo hustahimili joto la mapishi ya kawaida, hadi kiasi cha nyuzi 260 za sentigredi. Joto likizidi hapo huanza kuharibika, na likikaribia nyuzi 350 hutoa moshi wenye madhara. Aliyeuvuta anaweza kupata homa, baridi, kifua kubana na kikohozi, akadhani ni mafua au malaria, na kwa kawaida hali hiyo hutulia baada ya siku moja au mbili. Ndege wa kufugwa ndani, kama kasuku, wao hufa upesi sana kwa moshi huo.

Sasa jiulize: mama anapikia nini? Kwenye gesi au umeme anaweza kupunguza moto. Mkaa uliokolea hauna pa kuzungusha. Kikaango kitupu kikiachwa juu yake wakati mpishi ameitwa mlangoni, nyuzi 260 zinapitwa katika dakika chache, na mpini wa plastiki nao unaanza kunuka. Kwa maoni yangu, mama anayepikia mkaa au kuni asipewe nonstiki kabisa, hata iwe ya bei kubwa namna gani. Mpelekee kikaango cha chuma, kama kile kinachochomewa chapati. Kikipakwa mafuta kidogo na kupashwa moto mara kadhaa, hujijengea weusi wake chenyewe na chakula hakikishiki ovyo. Angalia uzito tu. Mzee mwenye maumivu ya viganja hatakiinua chuma kizito, naye atakifichia uvunguni kwa adabu.

Ikiwa anatumia gesi au umeme, nonstiki inafaa, na hapo ndipo uende dukani. Usikitazame rangi, kishike. Kilicho chepesi kama kifuniko cha sufuria kitabinuka baada ya muda mfupi, na kikibinuka mafuta yanakimbilia pembeni na katikati panaungua. Kiweke juu ya kaunta ukikibonyeze ukingoni: kikiyumba, kirudishe. Mpini uliofungwa kwa ribiti hudumu kuliko wa skrubu moja, kwani skrubu hulegea na siku moja mafuta ya moto yatamwagikia miguuni. Kwa mzee anayeishi na mjukuu mmoja au wawili, upana wa sentimita 24 unatosha. Kikubwa zaidi kinamlazimisha atie mafuta mengi ili kusambaa. Pitisha kidole ndani. Utando uwe laini na sawasawa, bila vipovu wala mikwaruzo, na usikubali kile kilichokuwa kimetundikwa nje dukani kikigongana na wenzake.

Vipo pia vinavyoitwa vya seramiki, mara nyingi vyeupe au vya rangi ya maziwa. Havina PTFE, na vinastahimili joto kuliko hivyo vingine, ila ule utelezi wao huisha mapema. Mimi singemchagulia mtu asiyependa kubadili vyombo.

Akina mama wengi huuliza kuhusu saratani. Jibu linahitaji kutenganishwa mambo mawili. Kemikali iliyoleta mashaka inaitwa PFOA, ambayo ilikuwa ikitumika viwandani wakati wa kutengeneza PTFE. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Makampuni makubwa yalikwishakubaliana na serikali ya Marekani mwaka 2006 kuiondoa ifikapo 2015, na mwaka 2019 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm unaodhibiti kemikali sugu. Waliodhurika zaidi ni wafanyakazi wa viwanda hivyo na watu waliokunywa maji yaliyochafuliwa navyo. Ama vile vipande vyeusi vinavyobanduka na kuingia kwenye yai, ni PTFE yenyewe, nayo hupita tumboni na kutoka bila kuyeyuka mwilini. Kwa hiyo mama asipatwe na hofu kwa aliyokwisha kula. Lakini wewe unayenunua leo, tafuta kilichoandikwa wazi kuwa hakina PFOA na chenye jina la mtengenezaji. Kisicho na maandishi yoyote, kiache hapo hapo.

Na vile vya mtumba kutoka Ulaya? Watu huanza kuuliza kama vilipikiwa nguruwe. Katika Hadithi ya Abu Tha'laba (r.a.), Mtume (s.a.w.) alielekeza kuhusu vyombo vya Ahlul-Kitab kwamba tukipata vingine tusivitumie, na tusipopata, tuvioshe kisha tuvitumie. Kwa sufuria ya chuma kuosha huko ni rahisi. Kwa nonstiki iliyochakaa, ukisugua sana unaumaliza utando, usiposugua moyo hautulii. Na sababu ya afya peke yake inatosha: umenunua kitu ambacho mwenzako amekitupa kwa sababu hiyo hiyo inayokufanya ubadilishe cha mama.

Kikaango kipya kiambatane na mwiko wa mti na dodoki. Majivu, mchanga na stiliwaya ndivyo vilivyokimaliza kile cha kwanza, wala si kosa la mama. Amefundishwa tangu utotoni kwamba chombo safi ni kile kilichong'arishwa. Siku ya kumpa, kaanga naye yai la kwanza, mafuta yatangulie kabla ya moto kuwashwa, moto uwe wa wastani, na mkimaliza mkiache kipoe ndipo kioshwe. Maji baridi kwenye kikaango cha moto ndiyo yanayokibinua. Na tafadhali, usianze kwa kumwambia kuwa kile chake ni kichafu au kina sumu, tena mbele ya wakweze. Mwambie umekipenda hiki kwa ajili yake.

Kinabaki kile cha zamani. Imepokewa na Anas (r.a.) kuwa mmoja wa wake wa Mtume (s.a.w.) alivunja bakuli lililoletwa na chakula kutoka kwa mwenziwe. Mtume (s.a.w.) akaokota vipande, akakusanya chakula, kisha akapeleka bakuli zima kwa mwenye chake na lile lililovunjika akalibakisha katika nyumba lilimovunjikia. Nawe, ikiwa wewe au watoto wako ndio mliokichubua kwa kijiko cha chuma, omba ruhusa uondoke nacho. Mama zetu hawatupi kitu. Usipokichukua siku hiyo hiyo, kipya kitafungwa kwenye khanga na kuwekwa kabatini kikisubiri wageni, na Ijumaa inayofuata utakaangiwa yai kwenye kile kile.